Gari la Baba Lilipokwenda Kuota Jua

Magoti ya baba ndiyo yaliyoanza kuzungumzia Arizona. Yeye mwenyewe asingelitaja neno hilo. Alikuwa ameishi Minnesota miaka mingi kuliko mimi, amefanya kazi ya kuwaangalia walemavu katika nyumba moja huko Plymouth mpaka akastaafu, na kila baridi ilipoingia aliidharau waziwazi, akitoka nje kifua wazi kwenda kuwasha gari huku majirani wakimtazama dirishani. Mama alipofariki akahamia kwangu, kwenye nyumba za kupanga za New Hope, nami nikaanza kumsikia asubuhi akiteremka ngazi. Alikuwa akiweka miguu yote miwili kwenye kila kidato, anapumzika, kisha anakitafuta kingine.

Kaka yangu mdogo anaishi Phoenix, hukohuko Arizona, na mkewe na watoto. Ndiye aliyetoa shauri kwamba Mzee aende kwake Novemba, akae kwenye joto, arudi huku majani yakianza kuchipua. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilinuna. Nilikuwa nimezoea kurudi kutoka kazini na kumkuta jikoni na zile soksi nene za sufu nilizomnunulia, ameibandika chai ya maziwa ikafurika mpaka jikoni kote kukanuka. Mimi ni nesi. Siku nzima nawaangalia wazee wa watu, na wa kwangu nilitaka nimwangalie mwenyewe.

Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba gari lake liende naye.

"Nikikaa kwa kijana wangu bila gari nitakuwa mtoto pale," alisema. "Nikitaka maziwa, naomba. Nikitaka kwenda kanisani, naomba. Kuombaomba sitaki."

Lilikuwa Toyota kuukuu ya kijivu, imekwaruzwa mlango mmoja, ndani ikinuka dawa ya kuchua misuli. Humo ndimo alimopigia simu zake zote za Kenya, injini ikinguruma, kwa sababu aliamini nyumba ya binti yake ina masikio. Sharti lile lilinifurahisha kuliko alivyojua. Nilijiambia kwamba gari likienda na mwenyewe, litarudi na mwenyewe.

Kuliendesha mwenyewe mpaka Arizona hatukumruhusu. Kaka yangu akatafuta lori la kubeba magari, tukapewa siku. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe tulilitoa nyumbani.

Kwa watu wetu gari likitumwa, hutumwa limejaa. Nimeshuhudia magari mengi yakiingizwa kwenye kontena la kwenda Mombasa, na kila moja lilikuwa na viatu chini ya viti, mashuka kwenye vioo, masufuria ndani ya masufuria, na godoro la shangazi ya mtu limekunjwa mahali ambapo hata paka asingepita. Kwa hiyo habari zilipoenea kanisani kwamba Mzee anapeleka gari Phoenix, watu walianza kuja. Huyu ana dada yake kule, anamtumia unga wa wimbi. Yule ana mpwa aliyejifungua, hizi ni nguo za mtoto na beseni lake. Mimi mwenyewe niliweka mboga za saga nilizozipanda kiangazi kwenye kijishamba cha kukodi na kuzianika sebuleni, nikaongeza majani ya chai ya kumtosha mtu kwa miaka miwili. Hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa. Tungeuliza nini? Kupeleka gari tupu ni sawa na kwenda kumsalimia mtu mikono mitupu. Baba naye akalijaza mafuta mpaka juu, kwa sababu, alisema, huwezi kumkabidhi mtu gari lenye njaa.

Lori halikuweza kuingia kwenye maegesho yetu. Lilikuwa refu mno, kwa hiyo tukakutana nalo kwenye uwanja wa duka moja kubwa, upepo ukitupiga masikio. Dereva alikuwa mzungu mnene mwenye kofia ya sufu. Alilizunguka gari akipiga picha kwa simu yake, akafika kwenye dirisha la nyuma, akachungulia, akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akatueleza, taratibu, kwamba gari linatakiwa liwe tupu. Lori lake hupimwa uzito njiani, na kitu kikipotea ndani ya gari yeye hahusiki. Alipowasha injini akaona mshale wa mafuta umefika juu kabisa, nao ni uzito mwingine, alizima tena na kutuangalia kwa huruma.

Mimi sina subira. Nilimwuliza kama yeye akienda kwa mama yake huenda mikono mitupu. Akanijibu kwamba mama yake yuko Ohio na hali unga wa wimbi.

Tukaanza kutoa. Beseni, unga, masufuria, godoro dogo la mtoto, saga zangu kwenye mifuko ya plastiki. Baba alikuwa akikipokea kila kitu na kukipanga chini kwa heshima, mpaka watu waliokuwa wakiingia dukani wakaanza kutuuliza bei. Gari lilipobaki tupu, dereva akaonyesha kwa kidole kitu cha mwisho kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa fagio la theluji, lile lenye mpini mfupi na ubapa wa kukwangulia barafu upande wa pili. Akasema na hilo pia litoke.

Baba akakataa.

"Hilo ni la gari," alimwambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama cha mwalimu wa shule ya msingi. "Nitarudije huku bila hilo?"

"Mzee, Phoenix hakuna theluji," dereva akasema.

"Najua. Lakini mimi narudi."

Dereva akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye akili katika familia. Nikatazama pembeni. Mwishowe akainua mikono, akaingia, akalipandisha gari kwenye lori, fagio likiwa palepale kwenye kiti. Nilisikia furaha kubwa kwa kitu kidogo kama hicho, na sikuona haya. Nilisimama nikalitazama lori mpaka likapinda barabara kuu.

Tulirudisha mizigo nyumbani kwa gari langu, ambalo lilikuwa likikohoa kila kona. Jirani yetu wa chini, mama mmoja wa Kongo aliyekuja kutoka Bukavu, alitukuta tukiipandisha ngazini.

"Dada, vitu vyote hivi? Muko nahama?"

"Hatuhami," baba akamjibu kabla sijafungua kinywa. "Naenda kuota jua kidogo, mama, narudi."

"Basi Mungu akutangulie, Papa. Ila sisi tunakuhesabia siku, eh? Usikawie."

Akajitwika beseni kichwani, akatusaidia.

Baada ya baba kuondoka nyumba ilikaa kimya kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nikifungua mlango na kunusa kwanza, natafuta harufu ya chai iliyofurika. Mahali pake pa kuegesha palibaki wazi, na theluji ilipoanza kuanguka mtu wa kuzoa theluji akaona kuna nafasi, akaifanya jaa. Kila asubuhi nilipokuwa nikipasha gari moto niliutazama mlima ule wa theluji. Niliuchukia.

Alikuwa akinipigia simu kutoka ndani ya gari, limeegeshwa mbele ya nyumba ya kaka yangu, kiyoyozi kikivuma. Nyumba ya kijana nayo, inaonekana, ilikuwa na masikio.

"Theluji imefika wapi leo?"

"Imefika magotini, Baba."

"Magoti ya nani? Yako au yangu?"

"Yangu. Yako yako likizo."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikikata simu nilikuwa nakaa kitandani kwa muda bila kuvua viatu. Nilimkumbuka baba yangu kama mtoto wa bweni anavyokumbuka kwao.

Majani yalipochipua, lori likalileta gari, na baba akafika kwa ndege siku hiyohiyo. Fagio lilikuwa palepale kwenye kiti cha nyuma, lina vumbi jekundu. Nilipika saga zilezile zilizokataliwa, tukala, na jirani wa chini akapanda kuja kumsalimia na mihogo yake. Kiangazi kile kilikuwa kizuri. Lakini baba alikuwa na maneno mapya. Alisimulia jinsi mabalungi yanavyojiangukia yenyewe nyuma ya nyumba ya kaka yangu mpaka watoto wanayachezea mpira. Alisimulia kanisa la kule, wazee wa rika lake, benchi fulani lenye jua tangu asubuhi. Nilisikia yote hayo. Niliendelea kumenya viazi.

Mwaka wa pili tulikuwa wajuzi. Gari lilikuwa tupu, limepigwa deki, mafuta ya kufika uwanjani tu, na baba aliringa akilizunguka kabla dereva hajalizunguka. Tulikuwa bado nyumbani, tunajiandaa kulipeleka, alipofungua mlango wa nyuma akatoa fagio na kunikabidhi.

"Hili baki nalo, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Si utalihitaji ukirudi?"

"Nikirudi nitalikuta."

Hakunitazama aliposema hivyo. Alitazama matairi. Akapanda ngazi kwenda kuchukua kofia aliyoisahau. Nilimsikia kwenye ngazi: mguu, mguu, kituo. Mguu, mguu, kituo. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikafungua buti, nikainua lile zulia la chini, nikalilaza fagio pembeni ya tairi ya akiba, nikafunika. Dereva hakuligundua. Nilitaka liwe kule, hata kama hakuna atakayeliona. Nilitaka gari lile liwe na sababu ya kurudi.

Baridi ile nilingoja aseme amelikuta fagio. Alizungumza juu ya kila kitu kingine. Alianza pia kunipigia simu akiwa nje, nikawa nasikia ndege na watoto na mtu akimwagilia maua.

"Leo hukukaa garini?"

"Leo nimekaa tu hapa nje."

Nikamwuliza juu ya safari ya kurudi, akasema wiki ijayo. Kisha akasema baada ya Pasaka. Theluji ikayeyuka mahali pake pa kuegesha, ikaacha changarawe na glavu ya mtu. Niliifagia mwenyewe jioni moja nikitoka kazini. Gari langu wakati huo lilikuwa limeacha kukohoa na kuanza kuzimika, nami nilikuwa nimemwambia kaka yangu hivyo kwa kulalamika tu, kama ndugu wanavyolalamikiana. Siku chache baadaye akanipigia.

"Dada, lori limebeba gari ya Mzee. Itafika huko weekend."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa. "Na yeye, ndege yake inafika saa ngapi? Nimwendee airport?"

Nikasikia kaka yangu akifunga mlango.

"Ongea na Mzee," akasema.

Nilimpigia, hakushika. Nikajiambia yuko kanisani. Nikatandika kitanda chake, nikanunua maziwa ya kutosha, nikatoa unga wa wimbi.

Lori lilikuja Jumamosi, uwanja uleule wa duka. Dereva alikuwa mwingine, kijana asiye na maneno. Akaliteremsha gari, akanipa ufunguo, akaenda zake. Nikaingia nikaketi kwenye kiti cha dereva. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imekwisha. Ilinuka jua na vumbi tu. Simu ikalia, na alikuwa baba.

"Limefika?"

"Limefika. Baba, wewe uko wapi?"

"Lako lilikuwa linazimika, mama. Huwezi kwenda kwa wagonjwa na gari linalozimika kwenye barafu. Hilo sasa ni lako."

"Na wewe? Si ulisema bila gari utakuwa mtoto? Kanisani utakwenda na nini?"

"Kwa miguu."

Sikumwelewa mara moja. Nikamwuliza tena.

"Naenda kwa miguu, mama. Asubuhi naenda kanisani, nikitoka napitia maziwa. Ngazi za mlangoni hapa nazipanda mguu mmoja kila kidato, bila kupumzika. Mwulize kaka yako."

Mimi ni nesi. Nilijua ni kitu gani hicho alichokuwa akiniambia, na nilijua binti mwema angesema nini. Mimi nilimtaka arudi, hata magoti yake yakimuuma.

"Fungua buti," akasema. "Pale ulipofichia kitu chako. Sisi hatutumi gari tupu."

Nikashuka, nikafungua, nikainua zulia. Fagio lilikuwepo, limepanguswa vumbi. Na kuzunguka tairi ya akiba yote, yamebanwa yasigongane njiani, kulikuwa na mabalungi, kila moja limevalishwa soksi. Zilikuwa zile nene za sufu nilizomnunulia, zimefuliwa, nyeusi na za kijivu. Nilipekua mpaka chini nikitafuta kama kuna moja ambayo mwenzake imebaki kule pamoja naye. Zote zilikuwepo.

"Umeyaona?" akauliza.

Nikamwambia nimeyaona, yamefika salama, halikupondeka hata moja.