Sauti Iliyobaki Ndani

Mtaani tulimwita Spika, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuita wagonjwa kwenye zahanati, na akiita, hata waliokuja kusindikiza tu walisimama. Mama yake alipoteza macho uzeeni, akawa anamtambua kwa sauti hiyo. Spika akifika mlangoni husema, "Mama, ni mimi," na bibi huondoa komeo.

Zamu zilipomzidi, Spika alinunua kisanduku kinachoongea. Alikisomea maneno mpaka kikaiga sauti yake. Kikawa kinamkumbusha bibi dawa na kumjibu maswali. Mwenyewe alikifundisha pia kumwonya bibi asimfungulie mtu mwenye sauti ngeni. Mimi jirani wa ukuta mmoja nilikiogopa tangu siku ya kwanza. Nilikuwa namsikia Spika akicheka ndani, kumbe Spika mwenyewe ndiyo kwanza anaingia getini!

"Jirani, wewe unaogopa hata kivuli chako," alinitania.

Kisha mafua yakamshika. Aliita wagonjwa hivyo hivyo, mbishi yule, mpaka sauti ikakauka. Alasiri moja alirudi anakwaruza tu. Nilikuwa naanua nguo uani, nikaona moshi ukitoka chini ya mlango wao.

"Mama, ni mimi! Fungua!"

"Wewe nani?" bibi aliuliza kutoka ndani.

"Mwanao! Sufuria inaungua!"

"Mwanangu hana sauti hiyo. Mwanangu yuko humu."

Nikapayuka mimi: "Bibi, ni yeye kweli! Fungua!"

"Masikini jirani, na wewe wezi wameshakutisha?" Alikohoa. Kisha tukamsikia akisema taratibu, "Mwanangu, kuna watu mlangoni. Nifungue?"

Kisanduku kikajibu kwa sauti ya Spika, nzima, tamu, isiyo na haraka.

"Usifungue, mama. Mimi niko hapa na wewe."

Nimeogopa mengi maishani, lakini si kama nilivyoiogopa sauti ile. Spika aliupiga mlango kwa ngumi, mdomo wazi, na kilichotoka ni pumzi tu. Nilikimbia kumwita seremala wa jirani, naye akaugonga mlango kwa nyundo mpaka komeo likang'oka.

Pazia la jikoni lilikuwa limeanza kushika moto. Seremala alilivuta chini na kulikanyaga. Bibi alikuwa amejikunyata pembeni, amekikumbatia kisanduku, na Spika alipombeba, bibi alimpiga makofi ya uso huku akikililia kile kisanduku: "Mwanangu, nisaidie! Wananichukua!"

Bibi alipona, tunashukuru. Kisanduku Spika alikiponda kwa nyundo ile ile ya seremala, na sauti yake mwenyewe ikarudi baada ya siku chache. Siku iliporudi nilikuwepo, tukasimama wote mlangoni, yeye anatabasamu.

"Mama, ni mimi."

Bibi akaja karibu na mlango, bila kugusa komeo jipya.

"Wewe ni yupi?" akauliza.