Alama Niliyoifuta kwa Msasa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu huwa mizito mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa kupiga vanishi hapa Riyadh, mtaa wa Malaz. Wazee wangu walitoka Unguja wakahamia Jeddah, mimi nikazaliwa huko, na kazi ya mbao nilifundishwa na baba yangu. Nilijiona najua. Kijana akishasifiwa mara mbili tatu hudhani amemaliza kujifunza.

Jirani na karakana yetu aliishi Msaudia mmoja, askari mstaafu, tukimwita Ami Saad. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni ila vivuli. Kwenye ukuta wa majlisi yake, sebule ya wageni, zilitundikwa bunduki sita za zamani zilizouzwa na jeshi, mitutu imezibwa, hazipigi tena. Aliniita nizisafishe, na kwa wiki nzima akakaa kando yangu akinifundisha kuzisoma. Taji lililogongwa kwenye chuma, alisema, linakuonyesha ilitoka kwa mfalme gani, na mwaka uko chini yake. Mshale mmoja mdogo ni mali ya jeshi. Mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha, ujue jeshi limeshaiuza. Namba ya kwenye mwili lazima ifanane na ya kwenye komeo, kile chuma cha kufungia risasi ndani, zikitofautiana basi imeungwa kwa vipande vya bunduki nyingine. Yote hayo aliyasoma kwa kupapasa na kidole gumba, wala hakosei.

Kwenye usafi alikuwa mkali. Chuma ni brashi laini na mafuta mepesi. Mbao ni kitambaa na mafuta ya kitani, halas, basi. "Mafi msasa," hakuna msasa, aliniambia siku ya kwanza, na siku ya pili akarudia.

Bunduki ya sita ilikuwa ya mdogo wake, Nasir, aliyekufa kwa homa wakiwa kambi moja, bado vijana. Ami Saad alipenda kuishika hiyo mapajani akisimulia habari za kambini, na wageni wake wakinyamaza kumsikiliza.

Siku ya mwisho alikwenda msikitini kuswali Alasiri, akaniacha peke yangu. Nilikuwa na haraka. Dada yangu alikuwa anaolewa Jeddah na basi langu lilikuwa jioni ileile. Kitako cha bunduki ya Nasir kilikuwa kimeganda uchafu, na juu yake mikwaruzo mitatu na kiduara. Nikasema moyoni, mzee haoni, atajuaje? Nikatoa msasa. Baada ya dakika chache mbao iling'aa kama mpya, na mimi nikajisifu.

Aliporudi akaiomba. Kidole chake kikapita kwenye kitako, kikarudi, kikapita tena.

"Iko wapi alama?" akauliza.

"Alama gani, ami?"

Akanieleza kwamba Nasir alichonga pale, kwa kisu, alama ya ngamia wa baba yao: mistari mitatu na duara. Ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha, mwanangu. Badala yake nikamwambia sikuona kitu, mbao ilikuwa hivyohivyo tangu nilipoishika.

"Nisomee namba," akasema. "Kidole changu sikiamini tena."

Nikamsomea, ya kwenye mwili na ya kwenye komeo. Midomo yake ilikuwa ikizitamka kabla yangu. Namba ilikuwa ileile ya bunduki ya Nasir, aliyoijua kwa ghibu. Akailaza bunduki mapajani.

"Basi ni yenyewe," akasema. "Kumbe alama niliiota. Nimezeeka vibaya."

Nami nikachukua mfuko wangu nikaenda kupanda basi.

Arusini sikula. Mama akanivuta chumbani, kule nyumbani kwetu Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, akanibana mpaka nikamwambia yote. Hakunigombeza kwa ajili ya mbao. "Umemfanya mzee wa watu ajione amerukwa na akili," akasema. "Rudi ukamwambie." Nikamjibu nitarudi, ila kwanza shughuli ziishe, mara wageni waondoke, mara hili mara lile. Nilikaa wiki mbili nzima kwa kuogopa.

Niliporudi Malaz nikamkuta Ami Saad majlisini na mwanawe mkubwa. Kuna mgeni alimuuliza habari za kambini. Mzee akaanza, akakatisha katikati, akamgeukia mwanawe: "Ilikuwa hivyo, au nakosea?" Mwanawe alikuwa hajazaliwa wakati huo.

Mgeni alipoondoka nilipiga magoti nikamweleza kila kitu: msasa, haraka ya basi, uongo. Nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipapasa kichwani.

"Mungu akulipe kheri, mwanangu," akasema. "Umeniona nimeharibika, unataka kunifariji."

Nikaapa. Mwanawe akaniamini, nikaona alivyokunja uso, lakini baba yake hakuniamini. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia. Mwanawe akanishika mkono akanitoa nje. Kabla ya Ramadhani Ami Saad akafariki, na wanavyosema, mwaka ule hakusimulia tena hata kisa kimoja.

Kwa hiyo wewe uliyeanza kazi juzi kwa kafili wako, tajiri aliyekudhamini, nisikilize. Utavunja vitu, utaunguza nguo, utaharibu. Hilo haliepukiki. Lakini sema saa ileile, kabla mwenye kitu hajaanza kujishuku mwenyewe. Usimwache mtu atilie shaka macho yake na kumbukumbu zake ili wewe usigombezwe. Ugomvi ungekwisha siku ileile. Mimi nimezeeka sasa, na bado namsikia akisema aliiota.

Mungu akupe ujasiri wa kukiri mapema, akulinde ugenini, na kila utakayemkosea akuwekee hai mpaka umfikie, akiwa bado anaweza kukuamini. Amin.