Mkonge Tuliopanda Kabuku

Baba alifika Korogwe akiwa manamba, kijana aliyeletwa kwa lori kutoka kusini kuja kukata mkonge wa wazungu. Akamwoa mama, Mzigua wa Handeni, wakaishi kambini katika chumba kimoja, nami nikazaliwa humo. Mwiba wa mkonge ulimtoboa jicho la kushoto kabla sijapata akili. Sikuwahi kumwona akiwa na macho mawili.

Baada ya Uhuru ikatangazwa kwamba wanaotaka kulima mkonge wao wenyewe wangepewa ardhi upande wa Kabuku. Siku hiyo baba alirudi kutoka shambani mapema, panga bado mkononi.

"Mama watoto, funga vyombo," alisema. "Nimechoka kukata cha mtu."

Tulifyeka pori pamoja na familia nyingine za kambini. Mama alitaka nusu ya shamba letu iwe mahindi. Bwana shamba, kijana mpole aliyekuja kwa baiskeli, akamkatalia kwa heshima.

"Mama, mahindi utayala yataisha. Mkonge utakusomeshea watoto. Dunia nzima inafungia mizigo yake kwa kamba zetu."

"Na wakipata kamba nyingine?" mama akauliza.

Watu walicheka. Baba pia alicheka.

Mkonge hauna haraka. Unapanda, unapalilia, na miaka inapita kabla hujakata jani la kwanza. Miaka hiyo tulikula muhogo wa wajomba zangu wa Handeni, nao hawakuacha kutukumbusha. Baba alivumilia. Kila jioni alipita kati ya mistari akiyagusa majani kwa kiganja, na aliporudi nyumbani alikuwa anaimba.

Ulipokomaa, bei ilikuwa imeshaanguka. Bwana shamba ndiye aliyetuletea habari.

"Huko nje wametengeneza kamba kwa mafuta ya petroli, mzee. Wanaiita nailoni."

Baba alidhani anataniwa. Alimtazama yule kijana, akingoja acheke.

Tukaanza kukata hivyo hivyo, maana hatukuwa na zao jingine. Mashamba makubwa yalipotaifishwa tulipata moyo kidogo. Katika mikutano tulisomewa maazimio mazuri: ardhi ipumzishwe, miche mipya ipandwe, mmea usikatwe kupita kiasi. Tulipiga makofi. Lakini lori la kiwanda lilipokuja kuchukua majani, lilikuja na agizo jingine: tukate zaidi. Baba alimsimamisha bwana shamba barabarani.

"Tukikata mpaka karibu na moyo, mmea hautainuka tena."

"Najua, mzee. Ndicho nilichosomea." Alikuwa anakwepa jicho la baba. "Lakini taifa linahitaji fedha za kigeni. Bei imeshuka, kwa hiyo inabidi tuuze mara mbili ili tupate kile kile cha zamani."

"Na ardhi itapumzika lini?"

Kijana alipanda baiskeli yake, akaondoka. Sikumchukia. Nilimwona kwa nyuma jinsi alivyokuwa amekonda.

Tukakata. Majani yaliyofuata yalitoka mafupi na membamba, na kiwandani wakayakataa, wakasema singa zake, zile nyuzi za kamba, hazifai. Siku moja lori halikuja kabisa. Tulikuwa tumepanga mafungu kando ya njia, yakakauka, mvua ikayanyea, yakaoza. Harufu yake iliingia mpaka kwenye ugali.

Baba hakukubali. Aliparua singa kwa mkono, akasokota kamba, tukazipeleka Kabuku barabarani, mimi na yeye. Dukani kulikuwa na kamba za nailoni, za bluu, zimening'inizwa mlangoni. Mfugaji mmoja wa Kimasai alishika yetu, akaivuta, akashika ya bluu, akaivuta.

"Hii yako inaoza ikinyeshewa, mzee," akasema, akanunua ya bluu.

Mwaka ule mama naye alinunua ya nailoni, ya ndoo ya kisimani. Baba aliitumia kuteka maji kama sisi wote.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mbali na shamba, baba alikwenda Korogwe kuomba kazi pale alipoanzia. Meneja sasa alikuwa Mwafrika. Alisimama, akampa shikamoo, akamwekea kiti.

"Mzee wangu," akamwambia, "hata hawa nilionao sijui nitawabakiza vipi."

Baba alitusimulia hayo akiwa amelala chali, viatu miguuni. Mama akamuuliza, "Sasa?" Akasema, "Sasa hakuna." Alikaa nasi misimu michache zaidi, akilima shamba la kijiji, akaugua kifua, akafa. Wenzake wa kambini waliokuja kumzika walikuwa wazee kama yeye, nao hawakuwa na kazi.

Baada ya matanga, mama alirudi kwenye lile shamba ili apande mahindi yake. Tulichimba visiki vya mkonge, mimi na yeye, mpaka jembe likavunjika mpini. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakageuka njano. Msimu uliofuata akapanda tena, na uliofuata tena. Nilipoolewa Mashewa nilimwacha palepale, ameinama kwenye mistari, na mimea ikiwa njano vilevile.