Chupa Niliyobeba Kutoka Mikinduri

Leo majibu ya figo ya baba yametoka, na mzee akacheka.

Miguu yake imekuwa ikivimba. Sindano hataki hata kuiona, kwa hivyo nilifurahi kusikia kuna kipimo cha mkojo tu.

Jana nilimwachia chupa nyumbani Mikinduri. Asubuhi nikaikuta mezani, imefungwa vizuri kwa gazeti. Nikaibeba hadi kliniki hapa Kinoru, yeye na mama wakinifuata.

Daktari akasoma majibu, akamwangalia baba.

"Mzee, protini ni nyingi sana. Figo zako zimeumia."

Hapo ndipo baba akacheka. Aki alicheka kama mtu aliyeponea ajali!

"Daktari, huo si wangu. Mimi nimpe binti yangu mkojo wangu abebe? Hiyo ni aibu. Nilimwambia mama yake aweke wake."

Kwetu ndivyo ilivyo. Kuna vitu mzee hampi binti yake.

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Sote tukageuka kumwangalia mama.

Mama, ambaye hukama ng'ombe, huchota maji, na jioni humkanda baba hiyo miguu. Alikuwa ameketi tu, kiondo magotini.

"Kendi, usilie," akaniambia. "Nilidhani ni kuchoka tu."

Baba akaomba chupa nyingine. Akaenda, akarudi, akanikabidhi mwenyewe mbele ya watu wote, bila hata gazeti.

Nyinyi, mama akiwaambia amechoka, huwa mnamjibu nini?