Tunakwenda Mtwara

Mume wangu ni muuguzi wa jeshi. Vita vya Msumbiji vilipozidi ng'ambo ya Mto Ruvuma, alihamishiwa Mtwara, kwenye kambi karibu na mpaka. Alituaga kama mtu anayekwenda mara moja na kurudi. Ramadhani ikaingia hayupo, Sikukuu ikapita hayupo, na mtoto wetu wa mwisho, aliyemwacha anatambaa, akaanza kukimbia uani kwetu Chukwani, Unguja, na kumwita baba kila mwanamume aliyepita amevaa buti.

Siku moja akapiga simu. Amepewa mapumziko, akasema, lakini haruhusiwi kuvuka bahari. Lazima abaki Mtwara mjini, akiitwa afike. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali.

"Basi tutakuja sisi," nikamwambia.

"Nyinyi nani?"

"Mimi na watoto. Kwa gari."

"Mke wangu, huku kuna vita."

"Vita viko ng'ambo. Hapo mjini kwako watu wanauza samaki na watoto wanakwenda skuli, umenambia mwenyewe. Au ulikuwa unanidanganya?"

Akaanza kunieleza habari za barabara. Nikamkatiza. "Sikuombi ruhusa. Nnakupa habari."

Dada yangu anakaa Mbagala, Dar es Salaam, na barabara ya kusini inapita karibu na mlango wake. Akakubali kuniazima gari yake. Nilikuwa nimejifunza kuendesha baada ya mume wangu kuondoka, na mbali kabisa nilipowahi kufika ni Makunduchi, kisiwani humuhumu. Pale hotelini Mji Mkongwe ninapofanya kazi ya kufua na kupiga pasi, wenzangu walicheka wakidhani natania. Waliponiona sokoni Darajani nikinunua dumu la maji na kamba ya kufungia mizigo, wakaacha kucheka, wakaanza kunionea huruma. Hiyo ilinikera zaidi.

Kaka yangu mkubwa hakucheka hata mara moja. Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, akakaa barazani, akakataa chai.

"Huendi," akasema. "Mwanamke peke yake na watoto, mpaka Mtwara, na vita hivyo! Pakitokea jambo tutasema nini kwa watu?"

"Shikamoo kwanza, kaka," nikamjibu, kwa sababu nilitaka kupata pumzi.

"Marahaba. Huendi."

Mama mkwe wangu alikuwa ndani anapepeta mchele. Tunaishi naye, na kusema kweli nilimwogopa yeye kuliko kaka. Magoti yanamsumbua, hata harusi ya jirani haendi. Akatoka na ungo mkononi.

"Peke yake vipi?" akamuuliza kaka. "Mimi si mtu?"

"Bi mkubwa, safari ni ndefu. Magoti yako..."

"Magoti ni yangu, na mtoto aliyeko huko ni wangu. Kunywa chai baba, inapoa."

Kaka akanywa chai.

Siku ya mwisho kabla ya safari, mkate wa kumimina umeshatoka jikoni na nguo zimeshafungwa, ikaja simu nyingine. Mapumziko yamefutwa. Majeruhi wameletwa kutoka ng'ambo, na wauguzi wote wameitwa kambini. "Msije," akasema. "Huenda nisiweze hata kutoka getini."

Nilikaa juu ya mzigo, simu bado sikioni. Binti yangu mkubwa alikuwa ananitazama. Nilihisi hasira inanipanda. Sikumkasirikia mume wangu wala wakubwa wake; nilivikasirikia hivyo vita ambavyo hatukuvianzisha, na ambavyo sasa vilitaka kutuamulia mpaka nani akae na nani.

"Wamefuta mapumziko," nikamwambia. "Barabara hawakuifuta. Tutakuja mpaka hapo getini, tukuone kwa macho, turudi."

Asubuhi tukapanda boti. Kutoka Mbagala nikashika usukani, mikono imelowa jasho mpaka tulipovuka daraja la Rufiji. Mama mkwe alikaa mbele, miguu ameinyoosha juu ya mto, anasoma kila aya aliyoihifadhi. Kabla ya Lindi, askari wa barabarani alitusimamisha, akachungulia ndani.

"Mama, mume wako yuko wapi?"

"Ndiye ninayemfuata," nikasema.

Akanirudishia leseni, akatuonyesha njia kwa mkono.

Tulilala Lindi, kesho yake tukaingia Mtwara. Kumbe na huko kuna mtaa unaitwa Shangani, kando ya bahari, kama Shangani yetu ya Mji Mkongwe. Watoto wakapiga kelele kwamba mama amezunguka akaturudisha nyumbani. Nikampigia simu mume wangu, na hapo ndipo alipotukuta, jioni, baada ya mkubwa wake kusikia kwamba mama mzazi wa muuguzi wake amefika kutoka Unguja kwa boti na gari. Alikuwa amepewa ruhusa mpaka Magharibi tu.

Alikuwa amekonda, na ndevu zimemtoka vibaya. Mdogo akajificha nyuma ya kanga yangu, hakumwita baba. Yule aliyewaita baba wapita njia wote, baba mwenyewe alimkataa! Mume wangu akachuchumaa mchangani, asimlazimishe, akawa anamega mkate tuliomletea na kula taratibu huku anamtazama, mpaka mtoto mwenyewe akasogea kudai kipande.

Mama mkwe alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayechagua embe sokoni. "Hulali," akamwambia.

"Silali, mama."

"Ulifikiri hatutakuja."

"Nilimwambia asije."

"Nshasikia," akasema mama mkwe. "Kula."

Adhana ya Magharibi ilipotoka mume wangu akasimama, akakung'uta mchanga. Aliniuliza kama njiani niliogopa. Nikamwambia ndiyo, sana. Akauliza kama nitakuja tena.

"Wewe usinipigie simu ya kunikataza," nikamjibu, "maana nitakuja vilevile."