Moto wa Kulhuwallahu Moja

Wanafunzi wangu wa fizikia pale Kibiti wananiogopa kwa jambo moja: vizio. Ukiniletea jibu la joto bila kizio nakunyima alama zote, ulie usilie. Swali likitaka kalori kwa sentimita ya mraba kwa sekunde, nawe ukaandika wati kwa mita ya mraba, nakurudishia daftari ubadilishe mbele yangu. Namba isiyo na kizio ni maneno ya barazani. Ukali huo siujutii, na sina mpango wa kuupunguza.

Shangazi yangu, dada wa baba, naye ana vizio vyake. Anaishi kwetu, kwenye kisiwa kimoja cha delta, na amebanika samaki tangu sijazaliwa. Kabla ya kuwapanga juu ya chanja hunyoosha kiganja juu ya moto na kusoma sura. Kiganja kikishindwa pale Kulhuwallahu moja inapokwisha, huo ni moto wa kuanzia. Kikifika mwisho wa Alhamdu, huo ni wa kukaushia. Moto usiokuacha umalize Bismillahi ni wa kuunguza mali za watu. Chuoni, mhadhiri alipotufundisha kupima joto linalopita katika eneo fulani kwa muda fulani, nilicheka peke yangu. Somo hilo nililianza nyumbani nikiwa kibogoyo wa meno ya utoto.

Mwaka jana kiganja hicho kilikufa ganzi. Kisukari, alisema muuguzi wa zahanati. Sisi tulijua siku shangazi alipomaliza Alhamdu nzima juu ya moto mkali, akatabasamu, na malengelenge yakaota mkononi mwake tukiyatazama. Binamu zangu wakakata shauri: aje mjini Kibiti apumzike. Kupumzika! Mwanamke yule ukimkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni umemzika. Mwenyewe alinivuta pembeni.

"Mwanangu, mie bila tanuri nakufa. Wee si umesomea moto? Fanya kitu."

Nilijua la kufanya. Katika kabati la maabara yetu palikuwa na kifaa cha msaada ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa: kisahani cha shaba chenye waya mrefu, na mshale unaoonyesha joto linalokipiga. Mkuu wa shule akaniazima. Kero yake moja tu, kilisomeka kwa BTU kwa futi ya mraba kwa saa. BTU, zile zile wanazozitaja wauza viyoyozi. Unazidisha kwa tatu nukta moja tano, unapata wati kwa mita ya mraba. Hiyo naifanya kichwani huku napiga mswaki. Kazi ilikuwa kubadili Kulhuwallahu kuwa BTU, maana kizio hicho hakimo katika kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Kule kisiwani nikanyoosha kiganja changu kando ya kisahani, nikasoma, nikachochea na kupunguza kuni mpaka nikapata moto ulionishinda mwisho wa sura. Mshale ulisema elfu moja na mia moja. Nikaweka alama kwenye kioo cha kifaa ili shangazi achochee mpaka hapo, nikarudi Kibiti nikijisifu. Hazikupita siku nyingi mchuuzi wa Ruaruke akarudisha tenga zima. Samaki wamekauka ngozi, ndani wabichi, na funza wameshahamia. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kiganja ndicho kilichokuwa cha kushika chaki. Moto ninaoukimbia mimi, shangazi wa zamani angeuita uvuguvugu.

Kilihitajika kiganja kilichokomaa kama chake. Kilikuwepo, tena karibu, ng'ambo ya ua: cha mke mwenzake.

Mume wao alikwishafariki. Wamebaki ua mmoja, kila mtu na tanuri lake, na hawasemeshani ila kupitia kuku. "Nyie kuku, mdokozi mnamjua," shangazi husema, na upande wa pili kuku wengine huambiwa jibu. Kwamba mkono umekufa, huyo ndiye mtu wa mwisho ambaye shangazi angetaka ajue. Na binamu zangu walikuwa wameshakodi boti la kuja kumchukua.

"Shangazi," nikamwambia nilipovuka tena kisiwani, "bila kiganja chake sina namba. Bila namba unakwenda kwenye kochi."

Alijifunga kanga upya, akavuka ua. Nilimfuata, na nakiri niliogopa kuliko siku yoyote ya mitihani yangu.

"Mwenzangu," akasema, wala hakupitia kwa kuku, "mkono wangu umekufa. Hausikii moto. Niazime wako."

Nilisubiri kijembe. Mwenzake akapangusa mikono kwenye kanga.

"Utasoma wewe," akasema. "Mie pumzi fupi, n'takimbiza."

Tukakoka moto kwa kuni za mikoko. Mwenzake akanyoosha kiganja kando ya kisahani changu, shangazi akaanza Kulhuwallahu. Sijawahi kumsikia akisoma mbio namna ile. Aliimaliza sura mshale haujatulia, mwenzake akavuta mkono ukiwa mzima kabisa.

"Shangazi, hicho si kipimo," nikasema. "Rudia."

"Anaungua," akanijibu, bila kunitazama.

Mwenzake alikuwa ameshaurudisha mkono juu ya moto, jasho linamtoka. "Usinihurumie, bibi wee. Soma kama unavyosoma."

Shangazi akavuta pumzi, akasoma kwa mwendo wake wa miaka yote, neno kwa neno, huku analia waziwazi. Kile kiganja kilibaki pale pale mpaka neno la mwisho, ndipo kikashindwa. Mshale ulisimama kwenye elfu moja na mia saba, na boti la binamu zangu lilirudi tupu.