Siku Foleni Ilipogeuka

Dada yangu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Enzi zake za ufundi cherehani alikuwa akishona sare za shule, na ukimpelekea suruali iliyoshonwa ovyo ataifumua mbele yako, aishone upya, huku anakusema wewe na huyo aliyekushonea kwanza. Mimi ni mdogo wake, kinyozi, na nimesemwa tangu nikiwa na meno ya utotoni. Kwa hiyo nikimsimulia nikatia chumvi kidogo, mnivumilie. Nina yangu ya kulipiza.

Cherehani aliiacha kwa sababu ya miguu ya mama yetu. Miguu ilikuwa inavimba, na foleni ya zahanati ilikuwa ya kusimama. Ukikaa tu, aliye nyuma yako keshasogea. Siku moja dada alimsindikiza mama, wakasimama wote asubuhi nzima, akarudi nyumbani kimya. Dada kunyamaza si jambo dogo. Kesho yake akaingia kwenye ukumbi wa posta ya zamani, ukuta kwa ukuta na banda langu la kunyolea, ambako baraza la mji liliweka intaneti ya umma. Haina neno la siri, haina malipo, wala hakuna wa kukuuliza umetumwa na nani. Unavuta kiti, unachota.

"Nataka kutengeneza foleni ya kukaa," alimwambia mtu wa kwanza aliyemkuta, msichana mwenye miwani aliyekuwa anaandika programu ya madereva wa malori.

"Karibu, mama, kaa hapa."

"Mama yako yuko kwenu. Mimi niite Dada."

Mpaka leo ukumbi mzima unamwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Alisoma masomo ya bure humo ndani, akafumua na kushona upya, akalia, akawasema walimu wa kwenye video kana kwamba wanamsikia. Mwisho wa yote programu ikawaka. Ukifika mlangoni unapewa namba, unakaa unapotaka, simu yako inakuita zamu ikikaribia. Zahanati ikakubali kuijaribu, na mama akawa anangoja ameketi, miguu juu ya kigoda. Nilimwonea fahari dada yangu, nikawa nawasimulia wateja wangu wakiwa nusu kichwa, maana hapo hawana pa kukimbilia.

Sasa, ukumbi ule una desturi zake. Kilichotengenezwa kwa intaneti ya wote kinawekwa kwenye ghala la wote, humo humo kwenye kompyuta, na yeyote anaruhusiwa kukichukua, kukisoma na kukirekebisha. Foleni ya dada niliichukua mimi, akaichukua fundi magari, wakaichukua watu wa ofisi ya maji. Kila asubuhi skrini zetu zinavuta zenyewe nakala mpya kutoka ghalani. Desturi ya pili: huweki kitu ghalani kabla hujamsomea jirani yako ulichobadilisha, kwa sauti, mstari kwa mstari. Hata kama jirani anatengeneza programu ya kuku.

Majaribio ya zahanati yalikuwa yanaisha. Kesho yake matroni, mkuu wa wauguzi, angetamka kama foleni ya dada inabaki au watu wanarudi kusimama. Jioni hiyo dada alikuwa anaijaribu mara ya mwisho, na ili asingoje foleni nzima ya majina ya uongo, aliigeuza: aliyeingia mwisho aitwe kwanza. Kwa kujaribu, hakuna ubaya. Kisha akatafuta jirani wa kumsomea, jirani ametoka kunywa chai. Naye alikuwa na sufuria ya kubandika nyumbani. "Hawa wote foleni wameichukua kwangu," akajisemea, akajisomea mwenyewe, akaiweka ghalani vile vile ilivyogeuzwa, akaenda. Haraka haraka haina baraka, na huyo ndiye aliyekuwa akitufundisha methali hiyo kwa makofi.

Asubuhi fundi saa, mzee wa watu, alinikuta nafungua mlango. Alipotaka kukaa kitini, skrini ikamwita kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Kinyozi, na wewe umeanza upendeleo?"

"Si mimi, mzee wangu, ni mashine."

"Mashine haina mwenyewe?"

"Inaye. Ni dada yangu."

Zahanati kulikuwa na vituko zaidi. Mjanja mmoja aligundua kwamba ukitoka nje ukarudi, unapewa namba mpya na kuitwa papo hapo. Akatoka. Wenzake wakamwona, wakatoka. Mlango ukawa wa kupishana, watu wazima wanatoka na kuingia kama watoto wanaocheza. Mama, kwa miguu ile, hakuweza. Alibaki kwenye kigoda chake, kila anayeingia anampita. Akanipigia simu. "Mwambie dada yako foleni yake inawapenda wanaochelewa." Hakucheka, na moyo uliniuma.

Nilimpigia dada. Alikuja mbio na viatu visivyolingana, analia waziwazi, tukaingia ukumbini pamoja. Meza ya kati ilikuwa imejaa. Fundi magari alikuwa amekuja kulalamika, na msichana mwenye miwani alikuwa keshauona mstari, maana kazi ya dada waliijua wote. Kila mmoja aliwahi kuifumua apate ya kwake.

"Ni huu, Dada. Tumeshaugeuza, tukasomeana mara mbili. Skrini tumeziamuru zivute tena. Mama yako yuko kwa daktari sasa hivi."

"Nani kawaruhusu kugusa kazi yangu?" dada akafoka, kamasi zinamtoka.

"Wewe. Si uliiweka ghalani?"

Dada akavuta kiti ausome mstari mwenyewe. Kabla hajaketi, matroni akaingia na sare yake nyeupe.

"Mwenye programu ya foleni ni nani?"

Dada akainua mkono polepole, kama mtoto aliyevunja sahani. Msichana mwenye miwani akainua wake. Fundi magari naye. Kisha meza nzima.

"Nimeuliza mwenyewe, sikuitisha kura," matroni akasema. Akatutazama mmoja mmoja. "Tuliwahi kununua programu, imefungwa huko ndani hakuna anayeweza kuigusa. Ilipoharibika tulipiga simu mpaka tukakata tamaa. Hii yenu imepona kabla sijamaliza kukasirika. Basi, inabaki. Ila niambieni, ikiharibika tena nimpigie nani?"

Dada akafungua mdomo kusema "mimi." Nilimwona. Akawatazama wale waliozunguka meza, akajifuta uso.

"Piga hapa ukumbini," akasema. "Atakayepokea ndiye mwenyewe."

Mchana niliingia kumpelekea dada viatu vinavyolingana, simu ya ukumbini ikalia, na aliyekuwa karibu nayo ni mimi.

"Matroni hapa. Naongea na nani?"

Nikajikohoza. "Na mwenyewe," nikajibu, kisha nikamwita dada.